Kifuko cha Mzee Pindo

Tangu aolewe, Sista hakuwahi kuzungumza na baba mkwe wake jambo lolote la mwili lililo chini ya shingo. Mafua waliongea. Macho kuchoka kwa kutunga uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi waliongea, tena kwa kirefu. Lakini kuanzia kola kwenda chini kila mmoja alikuwa na adabu zake, na adabu hizo ziliwafaa wote wawili.

Alikuwa muuguzi katika zahanati ya mtaani, ndiyo maana watu wote, hata nyumbani, walimwita Sista. Baba mkwe alikuwa fundi wa suti za kiume, duka lake ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kwa jinsi alivyokuwa mkali wa mapindo ya suruali watu walimwita Mzee Pindo. Pindo moja likizidi jingine kwa upana wa uzi, aliifumua suruali yote upya, mwenye suruali akiwa amesimama pale amejifunga shuka kiunoni, anasubiri.

Mambo yalianza kubadilika zahanati ilipopata daktari mpya. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye tabia moja iliyowachosha wenzake siku za mwanzo: kila akielezwa jambo, aliuliza kwa nini. Mgonjwa anakohoa. Kwa nini? Amepewa dawa ya maji. Kwa nini hiyo? Amerudi tena. Kwa nini amerudi? Bwana wa maabara ndiye aliyempachika jina la Daktari Kwa Nini. Mwenyewe alipolisikia alicheka, kisha akauliza kwa nini wamemwita hivyo.

Asubuhi moja aliwakusanya wafanyakazi kwenye chumba cha sindano, akawaambia kuna jambo analiona hapo na halimpi usingizi. Watu wa makamo na wazee wanakuja wamepungukiwa damu, wanapewa vidonge vya kuongeza damu, wanaondoka. Baada ya muda wanarudi, wanapewa vingine.

"Damu si mvuke," alisema. "Haipotei hewani. Mama ambaye bado anaona siku zake, tunajua inakokwenda. Lakini mzee mwenye wajukuu, damu yake inakwenda wapi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mara nyingi inavuja tumboni, kidogo kidogo, inachanganyika na choo na wala haionekani kwa macho. Huenda ni vidonda vya tumbo. Huenda ni minyoo. Na huenda ni saratani ya utumbo mpana. Hiyo tukiikuta mapema inakatwa, mtu anarudi kazini kwake. Tukichelewa, tunabaki kutoa pole. Kwa hiyo kuanzia leo, mtu wa umri huo hapewi vidonge vya damu hapa halafu basi. Tunatafuta kwanza inapovuja."

Akaweka mezani boksi la vikopo vidogo vyenye mifuniko ya buluu. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza. Mtu anakwenda nacho nyumbani, anaweka humo choo kidogo, kiasi cha ncha ya kidole, anakirudisha asubuhi, na maabara inapima kama kuna damu iliyojificha. Waliokwisha kutimiza miaka hamsini wangepewa hata kama wanajiona wazima.

Sista alikuwa amekaa karibu na dirisha, akamkumbuka baba mkwe wake. Mzee Pindo alikuwa amekuja kwenye dirisha lake la dawa kuchukua vidonge vya damu, si mara moja. Yeye hakuuliza kitu kwa heshima, mzee hakusema kitu kwa heshima, vidonge vikapita kati yao kimyakimya. Alijituliza kwa jambo moja tu, kwamba mzee hajakonda. Suti zake zilimkaa vilevile kama siku zote, kama amezaliwa nazo.

Jumapili iliyofuata alikwenda kuwasalimia wakwe, akamkuta mama mkwe anapiga pasi.

"Msaidie mama yako kukunja hizi," mama mkwe alimwambia. "Zote za baba yako. Siku hizi akitoka dukani anakaa hapa anajishonea suruali zake mwenyewe. Anasema vitambaa vya sasa vinalegea."

Sista aliichukua suruali moja ya kijivu, akaigeuza kiuno ndani nje. Kulikuwa na mshono wa zamani. Ndani yake kulikuwa na mwingine, na ndani ya huo mwingine, yote imenyooka, imepigwa pasi ikalala kabisa, kazi ya mtu anayejua anachofanya. Akachukua nyingine. Vilevile. Kitambaa hakikuwa kimelegea hata kidogo. Aliyepungua alikuwa mwenye suruali.

"Anakula vizuri, mama?"

"Anaonja. Mimi namwekea, yeye anaonja. Na zile ngazi za dukani siku hizi anazipanda kwa vituo. Akifika katikati anasimama, anajifanya anasalimiana na watu. Juzi alimsalimia mtu hata hapiti."

Mama mkwe alicheka. Sista alijaribu kucheka naye, lakini hakuweza.

Usiku ule alimweleza mumewe kila kitu, akamkabidhi kikopo. Mumewe alikuwa fundi umeme, mtu wa kushika nyaya zenye moto huku anapiga mluzi, na alisema hilo ni jambo dogo, baba ni baba yake, mwanaume kwa mwanaume. Kesho yake jioni alirudi, akavua koti, kikopo kikadondoka kutoka mfukoni.

"Mmeongea nini muda wote huo?" Sista aliuliza.

"Mpira."

"Mpira tu?"

"Na bei ya nondo. Mke wangu, nilikaribia kabisa. Nilisema, baba, kuna kitu. Akanitazama juu ya miwani. Unamjua anavyotazama juu ya miwani. Nikasema, kuna kitu wale mabeki hawaelewi."

Sista akaona ampe mama mkwe. Mama mkwe alikichukua kwa moyo mmoja, lakini naye ilipofika saa ya kusema alishikwa na kicheko, na kicheko chake kikimshika huwa hakimwachii. Mwishowe alikifunga kikopo kwenye gazeti, akakiweka juu ya cherehani dukani, akasema, "Hiki kimetoka kwa mkweo," akatoka mbio mbavu hana.

Wiki ile Mzee Pindo alipokutana na Sista njiani alisimama kumshukuru.

"Kile kikopo, mwanangu, kimenifaa sana. Nimeweka vifungo vya mashati. Mfuniko wake unabana, havimwagiki."

Sista akasema asante, baba.

Kazini alimfuata daktari ofisini, akaketi bila kukaribishwa na kumsimulia yote. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini usimwambie wewe mwenyewe?"

"Daktari, yule ni baba mkwe wangu."

"Nimekusikia. Kwa nini usimwambie?"

"Hatujawahi kutamka neno choo mmoja mbele ya mwenzake, hata lile la chumba. Nikiwa kwake nikibanwa, nasema natoka kidogo kutazama hali ya hewa."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha uso wake ukatulia. "Nikimwita mimi atasema anamalizia suti za harusi. Zikiisha atapata nyingine. Lakini wewe ukimwambia, atajua hukulitamka hilo neno kwa mchezo."

Sista alikwenda mchana uleule, na sare yake ya kazi, kwa makusudi, ili mzee aone amekuja nani. Alipofika dukani Mzee Pindo alikuwa anampima mteja mmoja mnene, mwenye haya kama msichana. Mzee alipiga goti, utepe wa kupimia mkononi, akageuza uso kutazama ukutani, akapima mguu kwa ndani kuanzia juu kabisa hadi kifundoni, akataja namba kwa sauti ile ile anayotajia bei ya vifungo. Kabla yule mteja hajajua atazame wapi, kazi imekwisha. Alilipa, akashuka ngazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na sare. Imechanika?"

"Haijachanika. Nimekuja kikazi." Alivuta kigoda, akaketi, akajikaza. "Baba, wewe unawapima wanaume wa watu mapajani kila siku. Unafanyaje wasione haya?"

Mzee Pindo alimtazama juu ya miwani. Lakini swali lilikuwa la ufundi, na swali la ufundi hakuwahi kuliacha.

"Kwanza huzunguki. Ukizunguka, na yeye anazunguka. Unapima hapo hapo panapotakiwa, unataja namba, unainuka. Halafu humwangalii usoni."

"Basi na mimi sikuangalii usoni," alisema Sista, akakaza macho kwenye pasi. "Baba, umepungua damu, na umepungua kiuno. Nimeona mishono ya suruali zako. Damu inavuja mahali, na nadhani inavujia utumboni. Kile kikopo si cha vifungo. Ni cha kuweka choo chako kidogo, tukipime. Nimemaliza, baba."

Chini watu walikuwa wanapakia mabati kwenye gari, yanagongana. Mzee Pindo aliuokota mkasi, akauweka. Aliokota chaki, akaiweka.

"Mkeo... mumeo anajua?"

"Ndiye aliyekuja kuongea mpira."

"Ahaa." Mzee alishusha pumzi ndefu. "Nikajiuliza mabeki wamemkosea nini." Kisha sauti yake ikashuka. "Mwanangu, mimi nimejua muda mrefu kwamba kuna kitu. Fundi hawezi kupunguza suruali moja mara zote hizo asijue. Nilifikiri nikiendelea kushona, nguo zikaendelea kunikaa, basi na mimi nitakuwa sawa."

"Huenda ni kitu kidogo, baba."

"Na huenda si kidogo."

"Ndiyo. Ndiyo maana tunataka kujua sasa."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza maswali ya mtu aliyekwisha kuamua: kiasi gani, saa ngapi, kinakaa kwenye baridi au popote. Lililobaki likawa moja. Vile vikopo vya mifuniko ya buluu mtaa mzima ulikuwa umeshavijua. Mwalimu mmoja alionekana na chake barabarani, na hadi anafika zahanati alikuwa amepewa pole na muuza magazeti, kinyozi na mwanafunzi wake wa zamani.

"Mimi siwezi kutembea nacho mkononi," alisema Mzee Pindo. "Nipe siku mbili."

Siku ya pili, zahanati ilipofunguliwa tu, aliingia amevaa suti ya rangi ya makaa na tai. Mkononi alikuwa na kifuko kidogo cha kitambaa hichohicho cha suti, chenye bitana ya hariri ndani, kimefunikwa kwa kifuniko kidogo kinachofungwa kwa kifungo. Msichana wa mapokezi alidhani ni zawadi, akauliza kama imetoka nje. Mzee alimwambia hapana, ni ya hapa hapa. Ndani ya kifuko kulikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, na ndani ya nailoni kikopo. Kipya, alichopewa na Sista; vile vifungo alikuwa ameviacha mahali pake.

Kabla ya saa nne bwana wa maabara alimwita Sista pembeni. Damu ilikuwemo.

Daktari Kwa Nini hakupoteza muda. Alimkalisha mzee, akamminya tumbo, akamuuliza mengi, akaandika rufaa ya hospitali kubwa, kisha akapiga simu yeye mwenyewe ili asipangiwe mwezi wa mbali. Kipimo kilikuwa cha kamera, mrija mwembamba unaoingizwa kutazama utumbo mpana wote kwa ndani. Siku ya kuamkia kipimo alipewa dawa ya kusafisha tumbo, na nyumba nzima ikaisikia habari hiyo. Mumewe Sista alikaa sebuleni na baba yake kumpa moyo, lakini kila akianza sentensi, mzee alikuwa ameshaondoka mbio.

Walichokikuta kilikuwa upande wa kulia wa utumbo, uvimbe si mkubwa, unaovuja. Walikata kinyama kidogo kukipeleka maabara. Siku za kusubiri majibu ndizo zilizokuwa ngumu. Mama mkwe aliacha kucheka, na nyumba ikawa kama imezimwa taa. Sista alikuwa anakwenda kila jioni baada ya kazi, wanaketi wawili wakichambua mboga ambazo hakuna aliyekuwa na hamu nazo. Majibu yalipotoka yalisema ni saratani. Picha za mwili mzima zilisema haijaenda popote.

Daktari Kwa Nini aliwaeleza polepole, na alipomaliza Mzee Pindo aliuliza jambo moja.

"Mnakata kipande kibovu, mnaunga ncha mbili zilizo nzima?"

"Ndivyo hasa."

"Basi hiyo ni kazi ya fundi. Nataka kumwona huyo fundi kabla hajanigusa."

Daktari wa upasuaji alikuwa mama mmoja mfupi, mkavu wa maneno, na inasemekana hakuna mgonjwa aliyewahi kumhoji vile. Mzee alitaka kujua anatumia uzi gani. Daktari huyo alimwambia ndani anatumia uzi unaoyeyuka wenyewe baada ya wiki kadhaa.

"Unaoyeyuka?" Mzee Pindo aliuliza. "Mimi nikitumia uzi huo, harusi zote zitavunjika ukumbini."

Yule mama alitabasamu, jambo ambalo wauguzi wake walilisimulia wiki nzima.

Upasuaji ulikwenda salama. Tezi walizotoa pamoja na kile kipande hazikukutwa na kitu, kwa hiyo hakuhitaji dawa kali baadaye, ila kufuatiliwa tu, na ufuatiliaji huo ungefanyika zahanati yao wenyewe, kwa Daktari Kwa Nini. Siku bandeji ilipotolewa, mzee aliomba kioo. Aliutazama mshono tumboni mwake kutoka juu hadi chini, bila haraka.

"Amejitahidi," alimwambia Sista. "Hapa chini kavuta kidogo, lakini amejitahidi sana."

Alirudi nyumbani na amri ya kutonyanyua kitu kizito wala kupanda ngazi za dukani mpaka aambiwe. Kukaa bure kulimshinda siku ya kwanza tu. Mwanawe akamletea cherehani ndogo ya mkono na gunia la vipande vya vitambaa vilivyobaki, na hapo ndipo kazi ya vifuko ilipoanza. Kwa maana yule msichana wa mapokezi alikuwa amesimulia habari ya kifuko cha suti kila alikopita, na watu waliokuwa wanakataa vikopo walianza kusema, kwa sauti ya chini, kwamba wangekuwa na kifuko kama kile wangefikiria. Mama mmoja muuza viatu, aliyekipiga chenga kikopo tangu siku ya kwanza, alimwambia Sista waziwazi, "Haya yangu haiko kwenye kupimwa, Sista. Iko barabarani."

Mzee alishona vya kijivu, vya buluu, vya mistari, vyote na bitana inayooshwa. Zahanati ikawa inatoa kikopo ndani ya kifuko, kifuko kinarudi, kinafuliwa, kinapigwa pasi, kinakwenda kwa mwingine. Vikopo vilivyokuwa vinaondoka na kupotea vikaanza kurudi, mpaka bwana wa maabara akalalamika kwamba hapati nafasi ya kunywa chai, naye chai yake si kitu cha kufanyia mzaha. Wengi walikuwa wazima. Wengine walikuwa na minyoo, wengine vidonda vya tumbo, wakatibiwa hapo hapo. Yule mama wa viatu alikutwa na vijinyama viwili utumboni, vikaondolewa kwa kamera hiyohiyo kabla havijawa kitu cha kutisha. Alirudi siku ya tatu sokoni, na kwa kila mteja aliyekuja kujaribu kiatu alikuwa na hadithi ya kumsimulia.

Mzee Pindo naye alinenepa kidogo, akaanza kufumua suruali zake, mshono mmoja baada ya mwingine. Ulimi wake ulifumuka pamoja nazo. Jumapili moja wote wako mezani, alimgeukia Sista, akamweleza jinsi choo cha asubuhi kilivyokuwa, ulaini wake na saa yake, kwa ufasaha uleule wa kuelezea ukunjaji wa kola. Mumewe Sista aliweka kijiko chini.

"Baba, watu wanakula."

"Mimi naongea na muuguzi wangu. Wewe endelea na mabeki wako."

"Na rangi je, baba?" Sista aliuliza.

"Rangi nzuri. Ya kawaida kabisa."

Mama mkwe alikuwa anacheka tangu neno la kwanza, ameshika meza asidondoke. Mzee alimsubiri amalize, kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kifuko cha maua ya manjano, akakiweka karibu na sahani ya mkewe. Kikopo kilikuwa tayari ndani.

Kicheko kilikatika. "Hiki cha nani?"

"Chako. Umri unao."

"Mimi mzima."

"Na mimi nilikuwa nasalimiana na watu kwenye ngazi."

Mama mkwe alikichukua, akakigeuza huku na huku, akajaribu kifungo, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Manjano," alisema hatimaye. "Miaka yote hii hujui kwamba mimi na manjano hatupatani? Nataka cha kijani. Na kiwe na mkanda wa kuning'iniza begani."

Mzee Pindo aliinuka pale pale, akaenda kuutafuta mkasi.